Ikisari na Marejeo: Historia ya Ufupisho katika Makala ya Utabibu

1. Utangulizi

Katika vyuo vyetu husikika mara nyingi agizo kwamba mtafiti aandike ikisari fupi, iliyo wazi, na yenye marejeo kamili. Anayelipokea agizo hili kwa mara ya kwanza, hasa akiwa mwanafunzi wa utabibu, hujikuta njia panda. Akiyafungua majarida makuu ya fani yake ataona kwamba ikisari zilizomo aghalabu hazina rejeo hata moja. Hakuna nambari zilizopandishwa juu ya mstari, hakuna majina ya watafiti waliotangulia, wala hakuna orodha mwishoni. Basi ikisari yenye marejeo ni ipi, iwapo marejeo yenyewe yamezuiwa mlangoni?

Madhumuni ya makala haya ni kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Tutajaribu kuonyesha kwamba ikisari ya utabibu ilianza ikiwa imeshikamana na matini yake, ikatengwa nayo kidogo kidogo, na hatimaye ikawa ndiyo peke yake isomwayo na walio wengi. Kwa kadiri ilivyotengwa ndivyo wajibu wake wa kumrudisha msomaji kwenye matini ulivyozidi kuwa mzito. Mwishoni tutaligusa suala linalotuhusu sisi wanaisimu moja kwa moja, yaani namna kitenzi cha Kiswahili kinavyoweza kuutimiza wajibu huo au kuuvunja.

2. Maneno yenyewe

Kiswahili kina maneno mawili makuu kwa jambo hili, ikisari na muhtasari. Yote mawili yatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Mzizi huo ndio uliozaa khasr, yaani kiuno, sehemu ya mwili iliyo nyembamba. Ikhtisari, yaani kufupisha maneno au kushika njia iliyo karibu. Na mukhtasari, yaani kitabu kilichofupishwa. Katika lugha yetu muhtasari umepanuka kimaana. Katibu wa mkutano huandika muhtasari, na mwalimu wa Tanzania hufundisha kwa kufuata muhtasari wa somo. Ikisari, kwa upande wake, imebaki zaidi mikononi mwa wanataaluma.

Ama neno rejeo, asili yake ni kitenzi rejea, nacho maana yake ni kurudi. Marejeo, basi, si mapambo ya kuonyesha wingi wa vitabu alivyovisoma mwandishi. Ni mahali ambapo msomaji aweza kurudi akajionee mwenyewe. Maana hii ya asili tutaihitaji hadi mwisho wa makala haya.

Jamii za pwani yetu zimeufahamu utamaduni wa mukhtasari kwa karne nyingi. Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu maarufu cha sheria katika madhehebu ya Shafii, chenyewe ni ufupisho wa kitabu cha Rafii kiitwacho Muharrar. Lakini wanazuoni hawakuuacha ufupisho huo peke yake. Waliuandikia sharhi, yaani ufafanuzi, na neno hilo ndilo tulitumialo hata leo kwa umbo la sherehe tunapozungumzia maelezo yaambatanayo na tenzi. Mukhtasari na sharhi vilikwenda pamoja: kimoja kilifupisha safari, kingine kilimrudisha msomaji kwenye yale yaliyorukwa.

3. Tabibu wa Kairo na kilichoachwa nje

Utabibu nao ulikuwa na mihtasari yake. Kitabu kikubwa cha Ibn Sina, al-Qanun fi al-tibb, kilikuwa kirefu mno kwa mwanafunzi wa kawaida. Katika karne ya 13 ulitokea ufupisho wake uitwao Mujaz, unaonasibishwa na Ibn al-Nafis, tabibu aliyeishi Damaski na Kairo akafariki mwaka 1288. Ufupisho huo ulipendwa sana, ukasomwa na kuandikiwa sharhi kwa karne kadhaa.

Tabibu huyu ndiye aliyeeleza, kinyume cha Galeni na Ibn Sina, kwamba damu haipenyi ukuta uliopo baina ya vyumba viwili vya moyo, bali hupita katika mapafu kutoka upande wa kulia hadi upande wa kushoto. Jambo hili halimo katika Mujaz, kwa kuwa ufupisho huo uliziacha kando sehemu za Qanun zinazohusu maumbile ya viungo na kazi zake. Limo katika sharhi aliyoiandika juu ya sehemu hizo za Qanun. Ufupisho ulienea kila mahali. Ugunduzi ulibaki katika nakala chache za mkono. Mnamo mwaka 1924 tabibu wa Kimisri aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliusoma mswada wa sharhi hiyo huko Berlin, na ndipo ulimwengu wa leo ulipotambua kilichokuwamo.

Haifai kumlaumu mfupishaji, maana alikusudia kuwasaidia waganga walio kazini. Hata hivyo, kisa hiki chadhihirisha kwamba kila ufupisho ni uteuzi, na kwamba asiye na njia ya kurudi kwenye matini hawezi hata kujua ni kitu gani hakukipata.

4. Malale na taarifa za London

Tuje sasa karibu na nyumbani. Kuanzia mwaka 1900 hivi, ugonjwa wa malale uliwaangamiza watu wa Busoga na wakazi wa pwani na visiwa vya Ziwa Viktoria, kwa idadi inayokadiriwa kuzidi 200,000. Waingereza, Wajerumani, Wafaransa na Wabelgiji, kila mmoja katika koloni lake, walituma watafiti. Ripoti zikatoka kwa lugha mbalimbali na katika majarida yaliyotawanyika, hata daktari aliyekuwa kando ya ziwa hakuwa na namna ya kuyajua yaliyogunduliwa ng'ambo ya mpaka.

Kwa sababu hiyo ilianzishwa London, mwaka 1908, Ofisi ya Malale, chini ya Arthur Bagshawe, daktari aliyekuwa amefanya kazi Uganda. Ofisi hiyo ilichapisha taarifa zilizofupisha tafiti za malale kutoka kila upande. Mwaka 1912 ikapanuliwa ishughulikie magonjwa yote ya nchi za joto, na jarida lake likaitwa Tropical Diseases Bulletin.

Umbo la mihtasari hiyo lastahili kuangaliwa. Aliyeifupisha tafiti kwa kawaida hakuwa mwandishi wake, bali msomaji mwingine mwenye ujuzi. Aidha, kila muhtasari ulitanguliwa na rejeo: jina la mtafiti, anwani ya makala yake, jarida, mwaka, na kurasa. Rejeo halikuwa mkiani; lilikuwa kichwani, na bila hilo muhtasari usingekuwa na thamani.

Umuhimu wa mpango huo wadhihirika tukiukumbuka mkasa wa dawa iitwayo atoksili. Robert Koch aliijaribu katika visiwa vya Sese mwaka 1906 na 1907, na mwanzoni matokeo yalitia moyo, kwani wagonjwa wengi waliokuwa hoi walionekana kupata nafuu. Lakini nafuu hiyo haikudumu kwa wengi wao, na baadhi ya waliopewa dawa kwa kipimo kikubwa walipofuka. Muhtasari wa dawa kama hiyo ambao ungeitaja nafuu na kuuacha upofu ungekuwa mfupi, ungekuwa wazi, na ungemdhuru mgonjwa wa kisiwa kinachofuata. Na daktari aliyeusoma, kama hakupewa mahali pa kurejea, asingeweza kuligundua pengo hilo.

5. Kutoka faharasa hadi mtambo

Wakati huohuo njia nyingine ilikuwa ikichongwa Marekani. Mwaka 1879 John Shaw Billings, mkuu wa maktaba ya utabibu ya jeshi mjini Washington, pamoja na Robert Fletcher, walianza kuchapisha faharasa iitwayo Index Medicus. Faharasa hiyo ilitoa majina ya waandishi na anwani za makala, yaani rejeo tupu bila ufupisho. Aliyetaka kujua kilichomo alilazimika kulitafuta jarida lenyewe.

Mwaka 1964 kazi hiyo ilitiwa katika kompyuta, na mwaka 1971 ukaanza mfumo wa MEDLINE uliowezesha maktaba za mbali kuifikia faharasa kwa njia ya simu. Hatua inayotuhusu zaidi ilifuata mwaka 1975, ikisari zilipoanza kuingizwa pamoja na anwani. Kuanzia hapo ikisari iliweza kusafiri bila makala yake. Mwaka 1996 ulianzishwa mfumo wa PubMed, na mwaka 1997 ukafunguliwa kwa watu wote bila malipo. Mwenye mtambo uliounganishwa, awe Kisumu au Kigoma, aliweza sasa kuzisoma ikisari kwa mamilioni, ilhali makala mengi yenyewe yalibaki nyuma ya malipo asiyoyamudu.

Hapa ndipo hali ilipogeuka. Zamani ufupisho wa makala ya utabibu uliwekwa mara nyingi mwishoni, ukamkumbusha msomaji yale aliyokwisha kuyasoma. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 ulihamia mwanzoni, ukawa mlango. Ulipoingia katika mtambo ukawa, kwa wasomaji wengi, ndiyo nyumba nzima.

6. Vancouver na Hamilton

Wahariri waliitambua hatari hiyo hatua kwa hatua. Mwezi wa Januari 1978 baadhi yao walikutana Vancouver, Kanada, kukubaliana juu ya namna moja ya kuandaa miswada, na masharti yao yakachapishwa mwaka 1979. Walikubaliana kwamba marejeo yatolewe kwa nambari kwa kufuata mpangilio wa kutajwa kwake katika matini. Toleo la 1997 la masharti hayo lilitaka ikisari isizidi maneno 150, au 250 ikiwa imegawanywa kwa vichwa.

Utaratibu wa nambari watusaidia kulielewa lile fumbo la mwanzo. Ikisari ikitenganishwa na makala, nambari 7 iliyomo ndani yake haielekei popote, kwa sababu orodha imebaki nyuma. Ndiyo maana desturi ikawa kwamba ikisari isiwe na marejeo. Na pale ambapo utafiti wajibu au wakosoa makala fulani mahsusi, basi rejeo liandikwe kwa ukamilifu ndani ya ikisari yenyewe. Katazo hili halikutokana na kudharau marejeo. Lilitokana na kukataa rejeo lisilomfikisha mtu mahali.

Hatua ya pili ilitoka Hamilton, Kanada, katika Chuo Kikuu cha McMaster. Mwaka 1987 kikundi kilichoongozwa na R. Brian Haynes kilichapisha pendekezo katika jarida la Annals of Internal Medicine, ambalo mhariri wake wakati huo alikuwa Edward Huth. Walitaka ikisari za makala ya tiba zigawanywe kwa vichwa: lengo, mpango wa utafiti, mahali, wagonjwa waliohusika, matibabu waliyopewa, vipimo, matokeo, na hitimisho. Kusudi lao lilikuwa kumwezesha daktari kuamua haraka kama utafiti ule wastahili kuaminiwa na kama wawahusu wagonjwa wake. Kichwa cha "mahali" na cha "wagonjwa" vyaweza kuonekana vidogo, lakini tutaona punde madhara ya kuviacha.

Hatua ya tatu ililirudisha rejeo ndani ya ikisari kwa sura mpya. Wahariri walewale wa mkondo wa Vancouver walitangaza mwaka 2004 kwamba hawatachapisha jaribio la tiba lisilosajiliwa kabla ya kuanza, na sharti hilo likaanza kutumika mwezi wa Julai 2005. Nambari ya usajili huandikwa mwishoni mwa ikisari. Kwa bara letu daftari mojawapo la usajili huo liko Cape Town. Nambari hiyo ni rejeo la kweli, maana humrudisha msomaji kwenye ahadi aliyoitoa mtafiti kabla ya kuyajua matokeo, akalinganisha ahadi na tendo. Mwaka 2008 yakafuata masharti ya CONSORT ya ikisari za majaribio, ambayo pamoja na mengine yataka madhara ya tiba yatajwe katika ikisari. Laiti yangalikuwapo siku za atoksili.

7. Ushahidi wa kasoro

Je, masharti hayo yametosha? Mwaka 1999 Pitkin na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA uchunguzi wa ikisari kutoka majarida sita makuu ya utabibu, 44 kwa kila jarida. Walichokitafuta ni kitu kimoja tu: kama takwimu zilizo katika ikisari zimo pia katika matini, na kama zinalingana. Kasoro zilipatikana katika asilimia 18 ya ikisari za jarida lililofanya vizuri kuliko yote, na asilimia 68 katika jarida lililofanya vibaya zaidi. Haya si majarida ya pembeni. Ndiyo yale ambayo wanafunzi wetu huambiwa wayaige.

Mwaka 2010 Boutron na wenzake walichunguza makala 72 ya majaribio ambayo lengo lake kuu halikufikiwa kwa kipimo cha kitakwimu. Katika 42 kati ya hayo, yaani asilimia 58.3, hitimisho la ikisari lilikuwa limepindwa ili tiba ionekane bora kuliko ilivyothibitishwa.

Kisa kizito kuliko vyote hakihusu ikisari hasa, bali barua fupi iliyosomwa kama ikisari. Mwezi wa Januari 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya Porter na Jick yenye sentensi tano. Walikuwa wamechunguza kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa hospitalini. Kati ya 11,882 waliopewa angalau mara moja dawa ya kutuliza maumivu ya jamii ya afyuni, walipata wanne tu walioingia katika uraibu bila kuwa nao hapo awali. Wagonjwa hao walikuwa vitandani, chini ya uangalizi, na barua ilisema hivyo. Lakini ilitajwa tena na tena kana kwamba imethibitisha kuwa dawa hizo haziletei mtu uraibu hata akizitumia nyumbani kwa muda mrefu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida lilelile ulihesabu makala 608 yaliyoitaja barua hiyo. Makala 439 yaliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na 491 hayakueleza kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Watafiti hao walieleza kuwa matumizi hayo yalichangia janga la uraibu lililoikumba Amerika ya Kaskazini.

Makala hayo yote yalikuwa na marejeo. Nambari ilikuwapo, na orodha ilikuwapo. Kilichokosekana ni kurejea.

8. Kitenzi cha Kiswahili katika ikisari

Hapo ndipo mwanaisimu anapoitwa. Tangu Katiba ya Kenya ya 2010 Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na haja ya kuwaeleza wananchi matokeo ya utafiti wa tiba kwa lugha hii yazidi kukua. Tusidhani kwamba kuipata istilahi ndiyo kazi yote. Hatari kubwa imo katika viambishi vya wakati na hali.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, watafiti waliwatibu watoto 60 wenye malaria katika hospitali moja, na siku ya 28 watoto 48 hawakuwa na vimelea katika damu. Ikisari yaweza kuandikwa kwa namna tatu:

(a) Dawa hii huponya malaria kwa watoto.
(b) Dawa hii imewaponya watoto wengi.
(c) Kati ya watoto 60 waliotibiwa hospitalini, 48 hawakuwa na vimelea katika damu siku ya 28.

Sentensi ya kwanza yatumia hu-, kiambishi cha mazoea. Kiambishi hicho hakina wakati, hakina mahali, na hakina idadi. Ndicho tukitumiacho katika methali na katika kueleza tabia za maumbile. Kwa silabi moja tukio la wodi moja limegeuzwa kuwa kanuni ya ulimwengu. Sentensi ya pili yatumia -me-, ambacho chaonyesha tendo lililotimia na hali yake kudumu, kana kwamba watoto hao hawakuumwa tena. Na neno "wengi" halihesabiki. Sentensi ya tatu imebeba -li- ya tendo lililopita, idadi mbili, mahali, na siku. Ni ndefu zaidi, nayo ndiyo pekee inayomwezesha msomaji kulifungua jedwali la makala na kuona kama ni kweli. Yaliyoipata barua ya 1980 yaweza kuelezwa kwa istilahi zetu hivi: -li- ya hospitali iligeuzwa hu- ya dunia nzima.

Twaweza kuongeza kasoro nyingine mbili. Ya kwanza ni kauli ya kutendeka isiyo na mtenda, mathalani "imebainika kwamba" au "inaaminika kwamba". Nani aliyebaini, na kwa kupima nini? Ya pili ni kifungu "tafiti zimeonyesha", ambacho hujifanya kuwa rejeo ilhali hakimrudishi mtu popote. Katika matini kifungu hicho chaweza kuokolewa na orodha iliyo mwishoni. Katika ikisari, iliyo mbali na orodha hiyo, hakina cha kukiokoa.

9. Hitimisho

Sasa twaweza kulijibu swali letu. Ikisari yenye marejeo kamili katika makala ya utabibu si ile iliyojazwa majina na nambari. Ni ile ambayo kila sentensi yake ina mahali pake ndani ya makala, na kila tarakimu yake yaonekana katika jedwali au aya inayojulikana. Ambayo yawataja wagonjwa, mahali, na madhara. Na ambayo, ikiwa ni ya jaribio la tiba, yatoa nambari ya usajili. Wafupishaji wa London waliliweka rejeo kichwani mwa muhtasari. Sisi twatakiwa kulitia ndani ya kila kitenzi.

Twapendekeza, kwa hiyo, zoezi moja dogo kwa idara za lugha zinazowafundisha wanafunzi wa sayansi uandishi. Mwanafunzi akimaliza ikisari yake, aandike kando ya kila sentensi ukurasa wa makala inakotoka. Sentensi isiyo na ukurasa ifutwe. Kisha aipitie tena akivipigia mstari viambishi vya wakati, na kila penye hu- ajiulize kama utafiti wake wampa haki ya kuitumia. Zoezi hili halihitaji mtambo wala fedha, na mwalimu wa Kiswahili aweza kulisimamia bila kuwa tabibu. Daktari wa zahanati ya mbali, ambaye hatalipata makala lenyewe na atampa mgonjwa dawa kwa kuitegemea ikisari peke yake, ndiye tunayemwandikia.